Shule ya nchi kame: Bati ni lile lile, ufundi ndio tofauti

Mabati na saruji ni miongoni mwa shehena zinazopanda malori kutoka Kitale kwenda Lodwar na kuvuka hadi Sudan Kusini. Nyingine huishia kwenye maduka na maghala, nyingine shuleni. Ghala likiwa na joto, mwenye mali huvumilia. Darasa likiwa na joto, mtoto husinzia kuanzia saa sita mchana, na karo iliyotokana na jasho la mpakani inapotea.

Kando ya Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, kuna mfano wa ujenzi wa namna nyingine. Ni kampasi ya Startup Lions, iliyokamilika mwaka 2021, ambako vijana hufundishwa kazi za kompyuta. Mbunifu wake ni Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando, Burkina Faso. Mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani.

Majengo hayo yana minara mirefu iliyoigwa kutoka vichuguu vya mchwa vya eneo hilo. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo hupanda na kutokea juu ya minara. Hewa safi huingia kupitia matundu yaliyo chini na kujaza nafasi yake. Vyumba hupoa na kompyuta husalimika na joto na vumbi. Kuta zimejengwa kwa mawe yaliyochimbwa katika eneo hilo.

Kéré alianzia nyumbani. Shule ya msingi ya Gando, iliyokamilika mwaka 2001, ilijengwa na wanakijiji wenyewe kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Paa ni bati la kawaida, lakini limeinuliwa kwa fremu za nondo juu ya dari ya matofali. Upepo hupita katikati na kulibeba joto la bati kabla halijafika darasani. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004.

Kamati ya shule isiyo na mbunifu mashuhuri inaweza kuanza na mambo madogo. Karibu na ikweta, kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi zisizo na madirisha. Paa litokeze nje na kuwa baraza. Mwarobaini upandwe mapema, kwa kuwa kivuli hakinunuliwi dukani.

Maji nayo yana hesabu yake. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 250, mahali penye mvua ya milimita 200 kwa mwaka, hupokea lita 50,000. Ikipotea sehemu moja ya tano, hubaki 40,000. Wanafunzi 200 wakinywa lita mbili kila mmoja kwa siku, maji hayo yanatosha siku 100 za masomo, mradi tangi liwe kubwa na mifereji isafishwe kabla ya mvua.

Gharama zipo. Paa lililoinuliwa linahitaji nondo zaidi, na matofali ya udongo yanahitaji fundi anayeyajua. Muuza saruji atauza mifuko michache, lakini mifereji, matangi, nondo na mabati bado yatatoka dukani kwake. Shule nayo hupunguza nauli ya kusafirisha saruji kutoka mbali, na ujira wa kufyatua matofali hubaki kijijini.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayeombwa mchango wa darasa, au oda ya mabati, ana haki ya kuuliza mapema: upepo utapita wapi, na maji ya paa yataingia kwenye tangi gani?