Kozi Fupi za Uzamifu katika Biashara ya Kimataifa na Suala la Lugha

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba elimu ni bahari. Kauli hii humsadifu zaidi mwanafunzi wa uzamifu, ambaye aghalabu huachwa katikati ya kina akiwa na mada moja, msimamizi mmoja au wawili, na miaka kadhaa ya upweke. Katika vyuo vingi vilivyofuata mkondo wa Uingereza, shahada hii ilikuwa ikitolewa kwa misingi ya tasnifu pekee. Aliyekosea njia alitambua kosa lake siku ya utetezi, wakati jahazi lilikuwa limekwisha kwenda mrama. Ni kwa ajili ya kuziba pengo hili ambapo taaluma mbalimbali zilizua kozi fupi za ngazi ya juu. Makala haya yanafafanua kozi hizo katika taaluma ya biashara ya kimataifa: chimbuko lake, jinsi zinavyoendeshwa na yanayofundishwa humo. Aidha, yanabainisha ni kwa nini suala la lugha, ambalo yamkini huchukuliwa kuwa la wanaisimu tu, limo katika kiini chake.

Chimbuko na Uendeshaji

Taaluma ya biashara ya kimataifa ni changa. Chama cha wanataaluma wake kiliasisiwa nchini Marekani mwaka wa 1959, na jarida lake kuu likaanza kuchapishwa mwaka wa 1970. Barani Ulaya, Akademia ya Ulaya ya Biashara ya Kimataifa, ijulikanayo kwa kifupi kama EIBA, iliundwa mwaka wa 1974. Akademia hiyo huandaa kikao cha wanafunzi wa uzamifu sambamba na kongamano lake la kila mwaka. Kikao hicho kimepewa jina la John H. Dunning, mwanauchumi Mwingereza aliyefariki mwaka wa 2009. Mjini Brussels iko pia taasisi ya EIASM, iliyoanzishwa mwaka wa 1971, ambayo huendesha semina za siku chache kwa watafiti wa taaluma za usimamizi.

Neno "fupi" lisimhadae msomaji. Katika mfumo wa Ulaya wa kupima masomo, alama moja ya kozi hukadiriwa kuwa sawa na saa 25 hadi 30 za kazi. Kozi ya alama 5 basi hudai saa 125 hadi 150. Iwapo washiriki watakaa darasani kwa siku tano, saa nane kila siku, hizo ni saa 40 tu. Zinazosalia hutumika kwingineko. Kabla ya safari, mshiriki husoma rundo la makala na kuandika andiko la awali. Baada ya kurejea, hulisahihisha andiko hilo kwa mujibu wa maoni aliyopewa, ndipo apate alama.

Darasani penyewe hakuna mihadhara mirefu. Kila mshiriki huwasilisha swali lake la utafiti, naye mwenzake aliyeteuliwa mapema hulichambua bila ya huruma wala inda. Profesa huuliza maswali ambayo mhariri wa jarida angeyauliza. Faida kubwa imo hapa: kosa hugunduliwa lingali kwenye karatasi tano, kabla halijawa kurasa mia tatu.

Yanayofundishwa

Mjadala aghalabu huanzia kwa Stephen Hymer, mwanafunzi wa uzamifu aliyewasilisha tasnifu yake nchini Marekani mwaka wa 1960. Tasnifu hiyo ilichapishwa kama kitabu mwaka wa 1976, baada ya kifo chake. Swali lake lilikuwa sahili: kwa nini kampuni iende kumiliki kiwanda ugenini, ilhali wenyeji wanaijua nchi yao vyema zaidi? Jibu lake lilikuwa kwamba sharti kampuni hiyo iwe na kitu maalumu ambacho wenyeji hawana. Dunning naye aliongeza masuala mawili: kwa nini iende nchi ile na si nyingine, na kwa nini ijiendeshee shughuli yenyewe badala ya kumkodishia mwenyeji haki hiyo.

Nadharia nyingine ni ile ya Uppsala, iliyotolewa na Jan Johanson na Jan-Erik Vahlne mwaka wa 1977. Wasomi hawa, wakizingatia kampuni za Uswidi, walidai kuwa kampuni huvuka mipaka hatua kwa hatua, ikianza na nchi zilizo karibu nayo kimawazo. Ukaribu huo haupimwi kwa kilomita pekee, bali hujumuisha utamaduni, desturi za biashara na lugha. Mtafiti wa Kenya anaweza kuipima nadharia hii kwa benki ya KCB, iliyoingia Tanzania mwaka wa 1997, Sudan Kusini 2006, Uganda 2007, Rwanda 2008 na Burundi 2012. Je, Tanzania ilitangulia kwa sababu ya Kiswahili, kwa sababu ya ujirani, au kwa sababu ya fursa iliyojitokeza wakati ule? Orodha ya miaka pekee haitoshi kutoa jibu, na kozi humfunza mtafiti ni ushahidi gani mwingine autafute.

Lugha Kama Kiini

Mwaka wa 1999, Rebecca Marschan-Piekkari pamoja na Denice na Lawrence Welch walichapisha utafiti kuhusu Kone, kampuni ya Ufini inayounda lifti. Waligundua kuwa wafanyakazi waliomudu lugha kadhaa walipata uwezo uliozidi vyeo vyao, kwani habari zilipitia kwao. Tangu hapo lugha imekuwa tawi kamili la taaluma hii.

Kwa mtafiti wa Afrika Mashariki, suala hili ni zito zaidi. Vipimo vingi anavyovirithi havikuundwa kwa ajili ya jamii yake. Katika vipimo maarufu vya utamaduni vya Geert Hofstede, vilivyotokana na hojaji za wafanyakazi wa IBM, nchi za Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia ziliunganishwa na kupewa alama moja ya "Afrika Mashariki". Anayetumia alama hiyo kumlinganisha Mkenya na Mtanzania atapata tofauti ya sifuri, nayo sifuri hiyo imetokana na ujumlishaji, wala si matokeo ya utafiti.

Hali kadhalika, hojaji iliyoandikwa kwa Kiingereza sharti itafsiriwe. Njia iliyozoeleka, iliyoelezwa na Richard Brislin mwaka wa 1970, ni kumpa mtu mwingine ile tafsiri airejeshe katika lugha ya awali, kisha matini mbili zilinganishwe. Njia hii hunasa makosa mengi, ila si yote. Chukua dhana ya "mali kauli". Mfanyabiashara hupewa bidhaa leo, alipe atakapokwisha kuuza; dhamana yake ni neno lake. Hojaji ikiuliza kuhusu "mkopo", tafsiri itakwenda na kurudi salama salimini, na mwenye duka atajibu kwa ukweli kabisa kwamba hana mkopo wowote. Mtafiti ataandika kuwa biashara hiyo haina mtaji wa nje, kumbe rafu zote zimejaa mali ya watu. Hakuna hesabu ya kitakwimu itakayolirekebisha kosa hilo.

Hitimisho

Ni bayana kwamba kozi hizi humwauni mtafiti kwa kumpa nadharia, mbinu na wenzake wa kumkosoa. Vikwazo vya nauli na viza vingalipo, ingawa tangu janga la korona la 2020 mafunzo mengi ya namna hii yamewezekana kupitia intaneti. Hata hivyo, mshiriki anayetoka Mombasa au Kisumu haendi mikono mitupu. Maana ya "mali kauli" haimo katika lile rundo la makala aliloagizwa kulisoma, ameibeba mwenyewe. Nao wanafunzi wa Kiswahili, wenye ujuzi wa semantiki na tafsiri, wana kazi ya kumfaa mwenzao huyo kabla hojaji haijachapwa. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.