Mtaji wa Nje na Malisho ya Garsen

Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilizungumza na Qatar kuhusu hekta 40,000 katika delta ya Mto Tana. Qatar ingelima chakula chake huko, Kenya ipate fedha za kujengea bandari ya Lamu. Mpango huo haukutimia. Baadaye ikaja Bedford Biofuels ya Kanada kutafuta ardhi ya mbono wa kukamulia mafuta, na mwaka 2011 NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ikairuhusu kuanza na hekta 10,000 za majaribio kwenye ranchi za eneo la Garsen, katika delta hiyo hiyo. Mradi huo nao ukafa.

Mijadala yetu huhesabu mabilioni yanayoahidiwa na kuyaita maendeleo. Wachumi Borensztein, De Gregorio na Lee, waliochunguza nchi 69 zinazoendelea, walionyesha mwaka 1998 kwamba uwekezaji wa nje hukuza uchumi pale tu wenyeji wanapokuwa na elimu ya kutosha kuudaka ujuzi unaokuja nao. Pasipo mafundi, wakaguzi wa mazao na wahasibu wa hapo hapo, faida hurudi ilikotoka na kijiji hubaki na vibarua vya msimu.

Delta ya Tana inadai swali lingine: mradi unaondoa nini? Kwenye michoro ya wawekezaji ardhi hii ilionekana tupu. Tupu kwa nani? Wapokomo hupanda mpunga, mahindi na migomba kwa kufuata mafuriko ya mto. Kiangazi kikikaza, Waorma na Wawardei huteremsha ng'ombe kutoka nyika kavu hadi kwenye nyasi za delta, wakipitia malka, njia za mifugo kufikia maji. Hekta inayokaa bila jembe miezi minane ndiyo inayookoa kundi zima mwezi wa tisa. Maziwa na nyama hiyo ni uchumi, ingawa havimo kwenye hesabu za mwekezaji. Malka ikizibwa, ng'ombe wataingia shambani kwa mtu.

Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji wa delta hii. Kuwatwika wawekezaji damu hiyo ni kukosa haki. Siasa za uchaguzi na uhasama wa zamani vilikuwepo. Lakini kugawa malisho na maji mahali penye mvutano kama huo, bila kuwauliza wanaovitegemea, ni uzembe usiosameheka. Februari 2013 Mahakama Kuu iliagiza matumizi ya ardhi ya delta yapangwe kwa kuwashirikisha wakazi.

Siupingi mtaji wa nje. Maembe ya kaunti ya Tana River huishia kwa madalali kwa bei ya kutupa, na kiwanda kinachonunua kwa mkulima bila kumnyang'anya shamba kingebadilisha maisha mengi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imeweka masharti mazuri: mkataba wa uwekezaji uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, ujuzi uhamishwe kwa wenyeji, ardhi irekebishwe mradi ukitelekezwa. Lakini jamii isiyosajili ardhi yake haina meza ya kukalia, kwa kuwa kaunti ndiyo huishika kwa niaba yake. Usajili huo ndio unaopaswa kutangulia, kabla mgeni mwingine hajaonyeshwa ramani.