Mwandiko Ulioziokoa Sala

Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja kutafuta cheti cha ubatizo ili afunge ndoa. Katika daftari la zamani jina lake halikusomeka: Simoni au Samweli? Ikabidi baba yake wa ubatizo aje kushuhudia, na matangazo ya ndoa yakachelewa majuma mawili.

Mfalme Karolo Mkuu aliijua hasara hiyo. Mwaka 789 aliagiza vitabu visahihishwe, kwani wengi walitaka kumwomba Mungu vema, lakini vitabu vyenye makosa viliwapotosha. Injili, Zaburi na Misale ziandikwe na watu wazima, kwa uangalifu.

Zamani hizo wamonaki wa Corbie, kisha wa Tours, huko Ufaransa, waliandika juu ya ngozi kwa unyoya wa ndege. Herufi zao zilikuwa ndogo, za mviringo, zisizoshikana ovyo. Baadaye wasomi wa Italia waliufufua mwandiko huo, na miaka ya 1460 na 1470 wachapaji wakaufuata. Ndizo herufi ndogo unazozisoma sasa.

Basi, mzazi, mtoto aandikapo jina lake, usimharakishe. Aandike hata mjukuu wake aweze kulisoma.