Kwa Baiskeli Kutoka Voi Hata Taveta: Nyika, Milima na Chemchemi

Msafiri apitaye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi aghalabu huiona nchi ya Taita na Taveta kupitia dirisha la gari tu, na ayaonayo ni vichaka vikavu, migunga na udongo mwekundu. Huenda akadhani kwamba nchi yote ndivyo ilivyo. Lakini mtu ashukaye Voi na kuielekeza baiskeli yake magharibi, kwa njia iendayo Taveta penye mpaka wa Tanzania, ataona mambo mengine kabisa. Katika safari ya kilomita kama 110 atapita nyika yenye kiu, kisha chini ya milima yenye ukungu, kisha uwanda wa wanyama wakubwa, na mwisho atafika penye migomba na chemchemi zisizokauka.

Njia hii yote sasa ina lami. Sehemu ya kutoka Mwatate hata Taveta, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi, ilitiwa lami katika miaka ya 2010. Kwa hiyo mtu mwenye afya njema na baiskeli nzima aweza kuimaliza kwa siku moja, au afadhali kwa siku mbili. Walakini lami haikuondoa jua, wala haikuondoa ndovu. Atakaye kufika salama yampasa kwanza aelewe jambo moja, yaani maji ya nchi hii hutoka wapi, na ni mahali gani yanapokosekana.

NYIKA YA VOI

Voi iko katika nchi ya chini yenye joto. Upande wake wa mashariki imetanda nyika ya Taru, ambayo misafara ya zamani iliiogopa sana kwa ukosefu wa maji. Mto Voi waanzia katika milima ya Taita, lakini ni mto wa majira: mvua zikiisha, msafiri huenda akaona mchanga mtupu chini ya daraja.

Ajabu ni kwamba upepo uvumao juu ya nyika hiyo hutoka baharini nao umejaa unyevu. Kusi na kaskazi zote mbili hupita Bahari ya Hindi kabla ya kufika bara. Lakini hewa yenye unyevu haitoi mvua mpaka ipande juu na kupoa, na katika nchi tambarare kitu cha kuipandisha ni kidogo. Basi unyevu mwingi hupita juu ya vichwa vya watu wenye kiu, ukaenda zake.

MILIMA YA TAITA

Mpanda baiskeli afikapo Mwatate, kilomita kama 25 kutoka Voi, ataiona milima imesimama upande wake wa kulia kama ukuta. Kilele cha Vuria kina mita 2,208 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo upepo wa bahari unapozuiliwa, ukapanda, ukapoa na kugeuka mawingu. Misitu iliyosalia vileleni, kama vile Ngangao na Mbololo, huunasa ukungu huo kwa majani yake, na maji hudondoka chini hata siku isiyo na mvua. Vijito vya mabonde ya Taita vyategemea misitu hiyo. Ndani yake wamo ndege kadhaa wasiopatikana penginepo popote duniani, nao wako hatarini kutoweka kwa sababu misitu imebaki vipande vidogo vidogo tu.

Mwenye nguvu aweza kuiacha njia ya Taveta hapo Mwatate na kupanda hata Wundanyi, kwa barabara yenye mizunguko mingi. Si aibu kushuka na kuikokota baiskeli. Hatari yenyewe iko katika kurudi chini. Mtu asishike breki moja kwa nguvu mfululizo, kwani hupata moto ikaacha kushika; azitumie zote mbili kidogo kidogo, tena mapema kabla ya kona, na asimame mara kwa mara ili zipoe.

Atakayeendelea na njia ya Taveta ajaze vyombo vyake vyote Mwatate au Bura. Mbele ya hapo milima inabaki nyuma, na maji ya kutegemewa yanabaki nayo.

Jambo hilo lilijulikana vizuri wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Mwezi wa Agosti 1914 majeshi ya Wajerumani yaliuteka mji wa Taveta. Waingereza walipotaka kuurudisha, walijenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi mwaka 1915. Lakini askari, wapagazi na wanyama hawangeweza kukaa Maktau na Mbuyuni bila maji. Ilibidi wahandisi watandaze bomba kutoka milima ya Bura mpaka kambi zilizokuwa uwandani. Jeshi zima lenye mizinga halikuweza kusogea mbele bila maji ya Taita. Mtu mmoja juu ya baiskeli asijidhani kuwa hodari kuliko jeshi.

UWANDA WA WANYAMA

Baada ya Maktau barabara huingia katika Mbuga ya Wanyama ya Tsavo Magharibi, nayo huikata mpaka upande wa Mbuyuni. Katika ramani za vita uwanda huu uliitwa Serengeti, lakini usichanganywe na Serengeti maarufu ya Tanzania. Ni nchi kavu na wazi, na kivuli chake ni haba.

Hapa ndipo penye shida kubwa kuliko zote za njia hii. Mpanda baiskeli hana kioo wala bati la kumkinga, na baiskeli haina mlio wa kuwaonya wanyama. Aweza kumfikia ndovu kwa ghafula, na ndovu aliyeshtuliwa huwa mkali. Kwa hiyo asimame Maktau kwanza, awaulize askari wa wanyama kuhusu hali ya njia siku hiyo. Wakimwambia asiendelee kwa baiskeli, na atii. Aipakie katika matatu mpaka avuke mbuga. Akiruhusiwa, asipite alfajiri wala jioni, saa ambazo wanyama hutembea zaidi, bali mchana kweupe, tena pamoja na wenzake.

Akiwaona ndovu karibu na barabara, asimame mbali na kungoja wavuke. Asijaribu kamwe kupita kati ya mama na mtoto. Asipige kelele, wala asiwasogelee ili apate picha. Simba naye huvutiwa na kitu kinachomkimbia. Amwonaye asigeuze baiskeli na kukimbia, bali arudi nyuma polepole huku amemwelekea, na kutafuta gari la kumsaidia.

TAVETA NA MAJI YA KILIMANJARO

Njia ikiteremka upande wa magharibi, kilima kidogo cha Salaita huonekana karibu na barabara. Hapo, tarehe 12 Februari 1916, askari wa Afrika ya Kusini waliwashambulia Wajerumani na askari wao Waafrika, wakarudishwa nyuma. Mwezi uliofuata vita vikali vilipiganwa katika vilima vya Latema na Reata, na Taveta ikarudi mikononi mwa Waingereza.

Hewa ikiwa safi, mlima Kilimanjaro huonekana mbele. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyesafiri kwa miguu kupitia nchi ya Taita pamoja na kiongozi wake Bwana Kheri, aliiona theluji yake tarehe 11 Mei 1848. Alipoandika habari hiyo, wataalamu kadhaa wa Ulaya walikataa kuamini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta.

Kisha nchi hubadilika. Vichaka vyaisha, na migomba yaanza. Mto Lumi hushuka kutoka upande wa Kilimanjaro na kuelekea ziwa Jipe, na karibu na mji wa Taveta chemchemi za Njoro hububujika kutoka ardhini. Watu wengi hudhani kwamba maji haya ni theluji iliyoyeyuka. Sivyo. Barafu ya kileleni ni kidogo mno, na tangu mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 yake imekwisha kutoweka. Sehemu kubwa ya maji ni mvua iangukayo katika msitu uzungukao mlima. Hupenya katika mawe ya volkano, husafiri chini ya ardhi, kisha hutokea katika nchi ya chini. Hata ziwa Chala, lililomo ndani ya shimo la volkano kaskazini ya Taveta na kukatwa na mpaka wa nchi mbili, hupata maji yake mengi kwa njia hiyo. Barafu ikiisha yote, Taveta haitakauka kwa ajili hiyo; lakini msitu ukikatwa, habari itakuwa nyingine.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Maji: Katika jua kali mpanda baiskeli aweza kutoa jasho la zaidi ya lita moja kwa saa. Asiondoke Bura na chini ya lita nne au tano. Anywe kidogo kidogo kabla ya kuona kiu, na ale kitu chenye chumvi. Akihisi kizunguzungu au kichefuchefu, au jasho likikatika ingawa jua ni kali, aache kuendesha mara moja, atafute kivuli, ajimwagie maji na kuomba msaada.

Miiba: Miiba ya migunga hukaa kando ya lami na kutoboa mipira. Yafaa kuchukua mpira wa ndani wa akiba, viraka, gundi na pampu. Kabla ya kutia mpira mpya, apapase ndani ya tairi. Mwiba uliobaki utautoboa nao pia.

Magari: Malori ya mpakani hupita kwa kasi. Avae nguo ya rangi ing'aayo, na asisafiri usiku.

Upepo: Kusi hutoka kusini-mashariki, na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Kwa hiyo aendaye Taveta husukumwa mgongoni karibu mwaka mzima, naye huweza kujisifu kwa mwendo wake. Arudipo Voi atakutana na upepo uleule usoni. Basi ahesabu saa zaidi na maji zaidi kwa safari ya kurudi kuliko alivyohesabu kwa safari ya kwenda.