Kanyanga ya bibi, bourbon yangu

Mara ya kwanza kuonja bourbon niliitema kwenye sinki. Nilikuwa nimetimiza miaka 21 siku tatu kabla, kwa hiyo kisheria nilikuwa sawa kabisa, ila koo langu halikujua sheria. Iliunguza ulimi, ikapanda puani, machozi yakanitoka. Rafiki yangu aliyenimiminia alicheka mpaka akakaa chini. Nikajiuliza, hivi kweli watu wanatoa dola sitini kununua hii?

Sasa nina miaka 26. Nafanya kazi kwenye mstari wa kujaza chupa katika kiwanda kimoja hapa Kentucky, na mara nyingi nikifumba macho naweza kukwambia kama bourbon iliyo kwenye glasi imetengenezwa na ngano au na rai. Nilipotaja hilo kwenye kipindi cha kazi za wazazi wetu, maswali yakamiminika, na karibu yote yalikuwa lile lile moja: inanywekaje? Jibu ni refu, ndiyo maana naliandika.

Najua baadhi yenu, hasa mnaotusikiliza kutoka Muscat na Dubai, hamgusi kileo na hamna mpango huo. Karibuni hivyo hivyo. Nyumbani kwetu pia hawagusi, na hadithi hii inawahusu wao kama inavyonihusu mimi.

Nilizaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Wazazi wangu ni watu wa Fizi. Tulifika Louisville nikiwa na miaka minane, bila kujua tumeletwa kwenye mji mkubwa wa jimbo la bourbon. Kuna siku, ukipita upande wa Shively na upepo uko vizuri, hewa yote inanuka uji wa mahindi unaoanza kuchacha. Baba alikuwa anafungua dirisha la gari, anavuta pumzi, halafu anafunga bila kusema neno. Nilidhani anapenda uji.

Bourbon yenyewe niliipata kwanza kwenye chokoleti. Hapa kuna peremende za chokoleti zenye bourbon ndani, zilianzia Frankfort mwaka 1938, na Krismasi yetu ya pili jirani alituletea boksi zima. Mimi na mdogo wangu tulimaliza nusu kabla mama hajaomba asomewe maandishi ya kwenye boksi. Boksi likaenda kwenye pipa la takataka, sisi tukaenda kuombewa. Nikiwauliza wenzangu waliokulia Kentucky, wengi wana hadithi ya namna hiyo: kipande cha keki, mchuzi wa nyama choma, au glasi ya mtu mzima wakati wa Derby, yenye mnanaa na barafu iliyopondwa. Bourbon inakujia kwanza imejificha kwenye sukari. Wengine wanaishia hapo hapo, na Coca-Cola yao, na sioni kosa lolote.

Kabla sijaendelea, tujue tunaongelea nini, maana wengi wanachanganya. Kila bourbon ni wiski, lakini si kila wiski ni bourbon. Lazima itengenezwe Marekani. Lazima angalau asilimia 51 ya nafaka yake iwe mahindi. Na lazima ikae kwenye mapipa mapya ya mti wa mwaloni, yaliyochomwa ndani kwa moto mpaka yakashika mkaa. Mwaka 1964 Bunge la Marekani lilitangaza kwamba bourbon ni bidhaa ya nchi hii pekee. Ikitoka kwenye mtambo ni nyeupe kama maji. Ile rangi ya chai ya rangi yote inatoka kwenye mbao. Kiangazi chetu ni cha joto kali, pombe inaingia ndani ya mbao. Baridi ikija, inarudi nje na utamu na rangi. Kila mwaka kiasi kinapotea hewani kupitia mbao, wanakiita fungu la malaika. Kuta za maghala zimekuwa nyeusi kwa sababu ya kuvu anayeishi kwa mvuke huo. Kwa hiyo malaika wanagawana na ukungu.

Aliyenifundisha kuonja ni mzee mmoja wa kazini, Mmarekani mweusi, mwenyeji wa Louisville, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Aliniona kwenye sherehe ya kazi nikishika glasi kama nimeshika dawa ya minyoo. Akaniambia unakosea kabla hujaanza. Ukiingiza pua yote kwenye glasi na mdomo umefunga, kileo kinakupiga peke yake na pua inalala. Achia mdomo wazi kidogo, vuta taratibu. Halafu chukua tone dogo, lizungushe mdomoni kama unatafuna. La kwanza usilihukumu, hilo ni la kuamkia tu, linaujulisha ulimi kwamba mgeni amefika. La pili ndilo linaloongea. Kama bado inaunguza, weka matone machache ya maji. Ukisikia mtu anasema maji ni kuiharibu, muulize kwa nini viwanda vyenyewe vinaongeza maji kabla ya kujaza chupa. Mimi kwenye mstari wangu nazijaza kutwa nzima, najua.

Alinipa pia zoezi ambalo nimempa kila aliyeniuliza. Weka glasi mbili ndogo pamoja, moja ya Maker's Mark, moja ya Wild Turkey 101. Ya kwanza, baada ya mahindi ina ngano, ni laini, kama pembe ya mkate. Ya pili ina rai, inauma kama pilipili manga, na ina nguvu zaidi: namba 101 igawe kwa mbili upate asilimia ya kileo, 50.5. Ukionja moja peke yake utasema tu "kali". Ukionja mbili, ghafla una maoni. Nadhani ladha ya kitu chochote inaanza hapo, kwenye kulinganisha. Na msikimbilie zile chupa za bei ya kodi ya nyumba ambazo watu wanazilalia foleni. Sehemu kubwa ya bei hiyo ni foleni yenyewe.

Kuna kitu mzee alikirudia mara nyingi: kwamba kwenye picha za zamani za wenye viwanda huoni sura kama zetu, lakini kazi ilifanywa na watu kama sisi. Jirani hapa Tennessee, aliyemfundisha Jack Daniel kupika wiski ni Nathan "Nearest" Green, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, na kampuni yenyewe ilikuja kulisema hilo wazi mwaka 2016. Kentucky nako watumwa walifanya kazi viwandani, wengi majina yao hayakuandikwa popote. Mzee alikuwa anasema haya huku ananusa, bila hasira, kama mtu anayesoma orodha ya viungo.

Tatizo langu lilikuwa maneno. Wenzangu walisema karameli, vanila, mwerezi, ngozi ya tandiko la farasi. Tandiko la farasi! Mimi nilikaa kimya, nikadhani ulimi wangu una kasoro. Mpaka siku moja nikanusa glasi na neno likaja lenyewe, kwa Kiswahili: mahindi ya kuchoma. Yale ya jioni kambini, punje zilizoungua upande mmoja. Nikanywa tena. Sukari ya maandazi iliyoungulia chini ya sufuria. Karanga zilizokaangwa zikapita kidogo. Karafuu. Niliandika kwenye simu, na mpaka leo naandika kwa Kiswahili tu, hata pale ninapokosa neno. Kwa hiyo nyie mnaosema Kiswahili chenu kimeisha, jaribuni kueleza harufu. Si lazima iwe pombe. Chai inatosha.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu.

Baba yangu alikuwa na mdogo wake. Baba mdogo alikunywa kanyanga kambini, kwanza Jumamosi, halafu kila siku, halafu asubuhi. Alikufa nikiwa na miaka sita. Nakumbuka miguu yake ikitoka nje ya mlango wa nyumba ya udongo na watu wazima wakituambia twende tukacheze. Baba aliokoka mwaka huo huo. Leo ni shemasi, na tangu hapo hakuna pombe iliyovuka kizingiti chetu, ukiacha zile chokoleti. Kazi yangu ya kiwandani aliikubali kwa sababu kodi ni kodi. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Unazijaza, lakini weye huzinywi?" Nikasema sinywi. Wakati huo ilikuwa kweli.

Nilijiwekea sheria zangu. Vidole viwili tu kwenye glasi. Si peke yangu. Si kwa ajili ya usingizi. Nilizifuata miaka miwili, nikajiona hodari. Halafu ikaja wiki ya zamu mbili mbili, mgongo unauma, na bili ya hospitali ya mama mezani. Ijumaa usiku nilimimina nikiwa peke yangu, nikaongeza, nikaongeza tena. Niliamka saa nne asubuhi, zamu imeanza zamani, simu ina missed call tano za msimamizi. Kilichonitisha zaidi ya hizo simu ni kwamba nilijaribu kukumbuka ile bourbon ilikuwa na ladha gani, na sikukumbuka chochote. Wala mahindi wala karafuu. Nilikuwa nimekunywa glasi tatu za kitu ninachojisifu kukijua na sikuonja hata tone.

Nilikaa wiki mbili bila kugusa chupa. Halafu nikaamua kumwambia baba, maana siri ndiyo iliyokuwa inanipeleka kunywea chumbani. Nilimkuta Jumapili baada ya ibada, bado amevaa suti. Nilisema yote, na ile Ijumaa pia. Niliweka chupa mezani, kama ushahidi vile. Nilitegemea maombi, au ukimya, na sijui lipi ningeliogopa zaidi.

Aliiangalia muda mrefu. Akafungua kizibo, akasogeza chupa chini ya kidevu chake, si puani, na mdomo wake ukaachia wazi kidogo. Hakuna aliyemfundisha. Akasema, "Hii ni mahindi. Nyingi. Na pipa waliunguza sana." Akanusa tena. "Kimea chao ni cha nini?"

Nikamwambia cha shayiri. Akatikisa kichwa kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwingine. Ndipo nikajua kitu ambacho kwa miaka 26 hakuna aliyeniambia: bibi yangu, mama yake baba, alikuwa mpika kanyanga. Mahindi na muhogo, pipa la chuma, bomba linalopita kwenye maji ya baridi. Baba ndiye aliyekuwa anaotesha kimea, anayaloweka mahindi, anayafunika kwa majani ya mgomba, anayageuza asubuhi na jioni yasioze. Ada yake ya shule ilitoka kwenye lile bomba. Yale matone ya mwanzo bibi aliyamwaga, alisema yanaua macho. Ya katikati ndiyo aliyauza. Kiwandani kwetu nako wanatenga ya mwanzo na ya mwisho, wanachukua katikati. Nilipomwambia hivyo alicheka, mara ya kwanza siku hiyo.

"Mama alipika maisha yake yote," akasema, "na hakunywa. Alionja kwa ncha ya ulimi, anatema. Ndugu yangu alikunywa na hakuwahi kuonja." Kisha akaziba chupa. Alipiga magoti akaniombea, kwa sauti kubwa, na aliitaja Ijumaa ile kwa jina lake.

Mwezi uliofuata aliniomba nimpeleke kuona wanavyopika. Tulienda kiwanda kimoja karibu na Bardstown, tukalipa, tukavaa vibandiko vya wageni. Kwenye yale matangi makubwa ya mbao, uji wa mahindi ulikuwa unachemka bila moto, povu linapasuka, na kiongozi wetu akasema anayetaka achovye kidole. Watu walisitasita. Baba alikunja mkono wa koti, akachovya, akalamba. "Togwa," akasema kwa sauti, ukumbi mzima ukageuka. "Imechelewa siku moja tu."

Mwisho wa ziara walitupanga mezani, kila mtu na vikombe vinne vidogo. Baba alivinusa vyote kwa mpangilio, taratibu, akivirudisha kila kimoja mahali pake. Cha tatu alikinusa mara mbili. Halafu akavisukuma vyote vinne upande wangu, akafikiri kidogo, akavirudisha vitatu kwake.

"Kimoja kinakutosha," akasema. "Anza na hiki. Niambie unasikia nini, halafu na mimi nitakwambia."