Farasi jike aliyefikia umri mkubwa bila kuzaa: apandishwe au aachwe?

Farasi jike amefikisha miaka 16. Ameshindana mbioni, amebeba wapandaji katika sherehe, na sasa amepumzishwa akiwa bado mzima wa mwili. Hajawahi kupandishwa hata mara moja. Mwenyewe anamtazama akila majani na kujiuliza: je, si vema apate mtoto mmoja kabla muda haujampita?

Swali hili ni la kawaida katika nchi zenye mila ya kufuga farasi wa Kiarabu, Oman ikiwamo, ambako zimo familia nyingi zinazozungumza Kiswahili. Nchini humo farasi si mnyama wa mashindano peke yake. Sherehe ya al-ardha ya farasi na ngamia, ambamo wapandaji wawili hukimbiza farasi bega kwa bega na hata kusimama juu ya migongo yao, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika mwaka 2018. Farasi anayekulia katika mila kama hiyo huwa sehemu ya nyumba, na kumpoteza bila kizazi huwa uchungu.

Jibu fupi la madaktari wa mifugo ni kwamba umri peke yake haukatai wala haukubali. Kinachoamua ni hali ya mfuko wa uzazi, na hali hiyo hupimwa kabla ya kutafuta dume, si baada yake.

Kwa nini jike ana thamani ya pekee

Katika ufugaji wa jadi wa Waarabu, ukoo wa farasi hufuatwa kwa mama. Ukoo huo huitwa rasan, na majina yake, kama Kuhaylan, Saqlawi, Ubayyan, Hamdani na Hadban, hurithiwa na mtoto kutoka kwa mamaye hata kama babaye ni wa ukoo mwingine. Dume mmoja anaweza kuzalisha watoto wengi kwa mwaka. Jike huzaa mmoja, naye humbeba kwa takriban miezi 11.

Kwa sababu hiyo jike wa mwisho wa rasan fulani katika zizi ana uzito ambao dume hana. Akifa bila kuzaa binti, tawi hilo hukatika katika nyumba ile. Hoja hii ni ya haki. Hata hivyo haimpi jike uwezo wa kubeba mimba ambao mwili wake hauna tena.

Mtamba mzee si sawa na koo mzee

Wafugaji wa Kiswahili humwita jike ambaye hajazaa mtamba, na aliyekwisha zaa koo. Wengi hudhani kwamba mtamba wa miaka 16 ana nafuu kuliko koo wa umri huohuo, kwa kuwa mfuko wake wa uzazi haujachoshwa na mimba. Dhana hiyo ndiyo inayowapoteza wafugaji wengi.

Kwanza, mayai. Farasi jike huzaliwa na akiba yake yote ya mayai. Yai linalopevuka akiwa na miaka 16 lina miaka 16, awe amezaa au hajazaa. Uwezo wa kushika mimba huanza kupungua jike anapoingia katikati ya miaka kumi na kitu, na mimba changa hupotea kwa wingi zaidi kadiri umri unavyosonga, mara nyingi kabla hata ya mwenyewe kujua kwamba ilikuwapo.

Pili, utando wa ndani wa mfuko wa uzazi. Utando huu ndio unaolisha kiinitete kabla kondo la nyuma halijajijenga. Kadiri miaka inavyopita, nyuzi za kovu huzizunguka tezi zake na kuzibana. Hali hiyo humpata pia jike ambaye hajawahi kupandishwa. Mfuko huzeeka ukiwa mtupu kama unavyozeeka ukitumika.

Tatu, mlango wa kizazi. Koo aliyezaa mara kadhaa kwa kawaida ana mlango unaolegea vizuri anapokuwa na joto. Kwa mtamba mzee mlango huo mara nyingi hukaza na hukataa kufunguka sawasawa. Akipandishwa, mbegu na majimaji hubaki ndani badala ya kutoka, mwili huvipiga vita, na uvimbe unaofuata huweza kukiua kiinitete kinaposhuka kutoka kwenye mrija siku ya 5 au ya 6.

Uchunguzi kabla ya dume

Hatua ya kwanza ni mwili mzima. Jike atabeba uzito wa ziada kwa karibu mwaka mmoja. Mwenye maumivu sugu ya miguu, au aliyewahi kuugua ugonjwa wa kwato, atateseka katika miezi ya mwisho. Farasi wenye umri mkubwa pia hupatwa na ugonjwa wa tezi iliyo chini ya ubongo. Dalili yake inayojulikana ni manyoya marefu yasiyopukutika kwa wakati, na hupimwa kwa damu. Ugonjwa huo huvuruga mzunguko wa joto na huongeza hatari ya kwato kuugua.

Hatua ya pili ni umbo la nje la uzazi. Jike anapozeeka na kukonda, njia ya haja kubwa huzama ndani na midomo ya uke hulala. Hewa na kinyesi huingia, na maambukizi hufuata. Daktari anaweza kuishona sehemu ya juu ya midomo hiyo kwa upasuaji mdogo, lakini mshono lazima ufunguliwe kabla ya kuzaa, la sivyo jike atachanika.

Hatua ya tatu ni kipimo cha ultrasaundi, kuona kama ovari zinafanya kazi na kama ndani ya mfuko kuna maji au uvimbe. Pamoja nacho huchukuliwa ute wa ndani ili kutafuta bakteria na dalili za uvimbe.

Hatua ya nne ndiyo inayosema mengi zaidi. Daktari huchukua kipande kidogo sana cha utando wa mfuko wa uzazi, nacho hutazamwa kwa hadubini. Mwaka 1978 mtaalamu wa Marekani, Robert Kenney, aliweka utaratibu wa kuupanga utando huo kwa madaraja, na mwaka 1986 utaratibu huo uliboreshwa kwa kazi yake pamoja na P. A. Doig. Hadi leo madaktari huutumia duniani kote.

Daraja la I ni utando mzima, na jike anakadiriwa kuwa na nafasi ya zaidi ya asilimia 80 ya kushika mimba na kuifikisha mwisho. Daraja la IIA ni kati ya asilimia 50 na 80. Daraja la IIB ni kati ya asilimia 10 na 50. Daraja la III ni chini ya asilimia 10. Makadirio hayo huchukulia kwamba jike anatunzwa na kupandishwa kwa utaalamu. Bila hivyo nafasi hushuka zaidi.

Mwenye kupata jibu la daraja la I kwa jike wa miaka 16 ana sababu ya kuendelea. Mwenye kupata daraja la III ameokoa fedha za dume, misimu miwili ya kungoja, na pengine uhai wa farasi wake.

Akikubalika, hupandishwa vipi?

Farasi jike hupata joto karibu kila baada ya siku 21, nalo hudumu kwa siku 5 hadi 7. Yai huachiliwa siku moja au mbili kabla ya joto kuisha. Kwa mtamba mzee haifai kumpandisha mara nyingi kwa kubahatisha, kwa sababu kila mpando huleta uvimbe mpya. Lengo ni mpando mmoja uliolengwa vizuri, baada ya ultrasaundi kuonyesha kwamba yai liko tayari.

Baada ya saa chache daktari huchungulia tena. Akikuta maji ndani ya mfuko, huuosha kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa na kumpa jike dawa ya oksitosini ili mfuko ujikamue. Kazi hii ndogo huamua mafanikio kwa mitamba wengi wenye umri. Ikiwa ni uhimilishaji, mbegu mbichi huishi muda mrefu zaidi ndani ya jike kuliko zilizogandishwa, na hivyo humsamehe daktari aliyekosea saa.

Siku ya 14 hadi ya 16 mimba huonekana kwa ultrasaundi. Kipimo hicho hakina budi kufanywa hata kama jike anaonekana kushika, kwa sababu ya pacha. Mfuko wa farasi haukuumbwa kulea wawili. Mara nyingi wote hupotea, na mama huingia hatarini. Katika siku hizo daktari anaweza kukiondoa kiinitete kimoja na kumwacha mwenzake.

Miezi kumi na moja na nusu saa moja

Mimba ikitulia, matunzo ni ya kawaida lakini hayakubali uvivu: chakula cha kutosha bila kunenepesha, meno kuangaliwa, dawa za minyoo, na chanjo dhidi ya virusi vya herpes vya farasi katika mwezi wa 5, wa 7 na wa 9, kwani virusi hivyo huharibu mimba. Katika nchi za joto kali wafugaji hupanga mpando ili uzazi uangukie miezi ya baridi.

Hatari kubwa imo katika muda mfupi sana. Tangu chupa kupasuka hadi mtoto kutoka, farasi hutumia dakika 20 hadi 30. Mbuzi au ng'ombe akichelewa, mfugaji ana nafasi ya kwenda kumwita mtu. Farasi hampi nafasi hiyo. Mtoto akikaa vibaya, nusu saa ndiyo tofauti kati ya uhai na kifo cha wote wawili. Kwa hiyo swali la kujiuliza mapema si kama daktari yupo mjini, bali anaweza kufika zizini saa nane usiku kwa muda gani.

Baada ya hapo wafugaji hukumbuka hesabu ya moja, mbili, tatu: mtoto asimame ndani ya saa 1, anyonye ndani ya saa 2, na kondo la nyuma litoke ndani ya saa 3. Kondo likibaki, sumu huingia katika damu na kushuka hadi kwatoni. Mtoto naye lazima apate dang'a katika saa zake za mwanzo, kwa kuwa farasi huzaliwa karibu bila kinga yoyote. Mtamba huweza kumwogopa mtoto wake wa kwanza au kumkataa, hivyo anahitaji mtu mpole wa kumsimamia.

Mayai yakifaa na mfuko usipofaa

Kuna njia ya tatu kati ya kumpandisha na kumwacha. Jike hupandishwa, kisha siku ya 7 au ya 8 baada ya yai kuachiliwa, daktari huosha mfuko wake na kukitoa kiinitete, halafu hukiweka katika mfuko wa jike kijana ambaye mzunguko wake umelinganishwa. Huyo kijana ndiye atakayebeba, atakayezaa na atakayenyonyesha. Nasaba ya mtoto hubaki ya mama aliyetoa yai, na rasan huendelea.

Njia hii humwondolea mama hatari ya mimba na ya uzazi, lakini haifanyi upya mayai yaliyozeeka. Ina gharama kubwa, huhitaji jike wa pili, na huenda ikarudiwa mara kadhaa. Tena kila daftari la nasaba lina sharti lake. Uandikishaji wa farasi wa mbio aina ya Thoroughbred haumkubali mtoto asiyetokana na mpando wa asili. Kwa farasi wa Kiarabu njia hii hukubaliwa kwa masharti ya daftari la nchi husika, nayo yafaa kuulizwa kabla ya kazi kuanza.

Lini kusema hapana

Ikiwa miguu yake inamuuma akiwa mtupu, asibebeshwe mimba. Ikiwa utando wake ni wa daraja la III na hakuna uwezo wa kuhamisha kiinitete, aachwe. Ikiwa hakuna daktari wa kufika kwa wakati, aachwe pia. Na ikiwa mwenyewe hawezi kueleza nani atamlea mtoto huyo, atafunzwa na nani, na atafanya kazi gani kwa miaka 25 ambayo farasi huweza kuishi, basi hamu ya kumwona akikimbia kando ya mama yake haitoshi.

Anayetafuta kuihifadhi rasan afikirie pia dada wa jike huyo au binti wa dada yake. Damu ya mama ni ileile, na jike kijana wa ukoo huo huenda akapatikana kwa bei ndogo kuliko jumla ya vipimo, mipando na usiku wa dharura.

Kwa anayeamua kuendelea, madaktari hushauri mpaka uwekwe mapema: mizunguko miwili au mitatu ya kujaribu, kisha basi. Mpaka huo uandikwe kabla ya mpando wa kwanza, kwa sababu baada ya kila jaribio lililoshindwa, lifuatalo huonekana kuwa ndilo litakalofaulu, na anayelipa kwa mwili wake ni farasi.