Kabla ya Kulaumu Dawa, Tazama Mpira wa Bomba

Bwana Mkulima, wewe wanyunyizia ng'ombe wako dawa ya kupe kila wiki bila kukosa, na hata hivyo kupe wangali masikioni. Yamkini unasema dawa ni mbovu. Pengine ni kweli, lakini kabla ya kununua kopo jingine, tazama mpira wa bomba lako.

Kupe aletaye ndigana kali ni yule wa rangi ya kahawia, naye hupenda kukaa ndani ya sikio. Mpira ukiwa na ufa, nguvu ya bomba hupotea njiani. Dawa hulowesha mgongo tu, nawe waona umemaliza kazi, kumbe sikio ni kavu. Kupe huyo akiachwa siku tatu au nne akinyonya, huingiza ugonjwa mwilini, na ng'ombe wa gredi hawezi kuustahimili kama ng'ombe wa kienyeji. Akifa, fedha ya maziwa ya kulipia karo ya watoto nayo imekwenda.

Basi vaa glavu, unyooshe mpira wote chini, kisha uukunje kidogo kidogo ukiutazama. Ufa hujificha karibu na viungio. Halafu tia maji safi, siyo dawa, upige bomba mpaka lipate nguvu, uone panapovuja. Kiungo kikivuja, badili washa. Mpira uliopasuka ununuliwe mwingine. Wako watu wafungao ufa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Hiyo ni kazi ya siku moja, na dawa huwamwagikia mikononi.

Maji yakitoka kwa shida, fungua chujio na mdomo wa bomba, uvioshe kwa brashi laini. Usichokoe tundu kwa waya, maana litapanuka. Wala usipulize kwa kinywa hata kidogo! Hiyo ni sumu.

Ukiisha kunyunyiza, pitisha maji safi mpirani mara tatu, kwa maana dawa ikikauka ndani huziba. Usioshe bomba mtoni. Ziko dawa za kupe ziuazo samaki upesi. Tundika mpira kivulini bila kuukunja.

Siku ya pili shika masikio ya ng'ombe, utazame ndani. Ikiwa bomba ni zima, dawa ulichanganya kama kopo linavyosema, na kupe bado wako hai, mwite Afisa wa Mifugo umwonyeshe kopo lenyewe, kwani kupe huweza kuizoea dawa.